Filme inaisha mu kijiji, haiishi ku ordinatere

Ile magaribi watu walikuwa wengi kuliko vile tulikuwa tunafikiri. Wamama walikuja na viti vyao, watoto wakakaa chini mbele ya shuka nyeupe yenye tulifunga ku ukuta wa depo ya kooperative, na wazee fulani walikuwa wametembea saa mbili juu ya kuona filme ya munyauko wa migomba. Ilikuwa filme ya dakika 12. Tuliipiga mu mashamba ya palepale, kwa hiyo watu walicheka sana wakati waliona jirani wao anapita ku shuka na jembe yake. Filme ilionyesha namna majani inakuwa manjano na kulegea, namna ndizi inaiva mbele ya wakati na ndani yake inakuwa na rangi ya kahawia, namna maji mazito ya manjano inatoka wakati unakata mugomba wenye ugonjwa. Kisha ikaonyesha namna ya kukata ule mugomba mugonjwa chini kabisa, sawa na udongo, na kuacha yenye haina ugonjwa.

Hapo picha ikasimama. Dakika 9 na sekunde kidogo. Tukafinya, tukazima, tukawasha tena. Ikasimama palepale.

Watu walipiga makofi juu walifikiri ni mwisho. Na sisi, juu ya haya, tukanyamaza kama vile ni mwisho kweli. Lakini zile dakika tatu zenye zilibakia njo zilikuwa na neno la lazima kuliko yote: usiguse mugomba muzima na panga yenye imetoka ku mugonjwa, mbele ya kuipitisha mu moto ao kuiosha na javel. Kisha majuma mawili, agronome alipita mu ile kijiji. Watu walikuwa wamesikia muzuri. Walikuwa wamekata migomba migonjwa chini, ku udongo, vile filme ilisema. Na panga moja, kutoka shamba mupaka shamba.

Kosa lilikuwa langu. Nilinakili filme kutoka ku ordinatere mupaka ku kle ya USB, nikaona ku ekra wameandika kama imeisha, na juu gari ilikuwa inanguruma inje, nikaitosha kle bila kuaga ordinatere. Kumbe mashine ilikuwa ingali inaandika. Mu nyumba niliangalia mwanzo wa filme tu, nikasema ni sawa.

Tangu ile siku kazi yetu iko na sheria moja: filme haijaisha wakati programu inaandika 100%. Inaisha wakati dakika yake ya mwisho imeonekana na kusikika ku mashine yenyewe yenye itaionyesha mu kijiji. Kooperative mingi sasa ziko na vijana wenye wanapiga video na telefone na kuzikata muzuri sana, kuliko sisi wakati tulianza. Shida yao inaanza kisha pale. Njo tunataka kusemea hapa.

MUFUKO NA KILE KIKO NDANI

Wakati umemaliza kukata na kupanga picha zako, kile uko nacho haiko filme bado. Ni mupango tu: programu inakumbuka kama kipande hiki kinatangulia, kile kinafuata, sauti hii inaingia hapa. Juu ya kupata filme yenye inaweza kusafiri, unapaswa kuitosha. Ku programu nyingi butoni inaandikwa «Exporter», ku zingine «Enregistrer la vidéo». Hapo njo programu inapika yote pamoja na kufanya fishie moja.

Vijana wengi wanatuambia: «Ni MP4, itacheza fasi yote.» Hapana. MP4 ni mufuko. Wewe mukulima wa kahawa unajua kama mufuko wenye kuandikwa «kahawa» unaweza kuwa na kahawa ya maganda, ao yenye kukobolewa, ao yenye ingali na maji. Muuzaji hanunue maandishi ya inje, anaingiza mukono. Mufuko wa MP4 pia unaweza kubeba picha zenye zimefungwa kwa namna mbalimbali. Namna mbili zenye mutakutana nazo kila siku zinaitwa H.264 na H.265. Ile ya pili (wanaiita pia HEVC) ilikuja mu mwaka wa 2013. Inafanya fishie kuwa ndogo zaidi, na telefone mingi za kisasa zinapiga nayo picha bila kukuuliza. Lakini televizio za zamani, projektere ndogo za bei ya chini na ordinatere zenye zimezeeka mara nyingi haziijue. Utasikia sauti na kuona ekra nyeusi. Ao utaona picha inaruka kama mutu mwenye kukimbia mu matope.

Kwa hiyo, wakati programu inakuuliza «codec», chagua H.264. Ni ya tangu 2003, na karibu kila mashine inaijua. Sauti iwe AAC. Picha ziwe 25 ao 30 kila sekunde, na usichague 60 hata kama telefone yako inaiweza, juu inaongeza mashine muzigo bila mukulima kuona tofauti.

Ikiwa fishie imekwisha kufungwa kwa H.265 na hauna tena mupango wake, usivunjike moyo. Kuko programu ya bure, HandBrake, yenye inaifungua na kuifunga tena kwa H.264. Inakula wakati. Ordinatere ya zamani inaweza kutumia saa moja ao zaidi juu ya filme ya dakika 12, kwa hiyo uifanye wakati kuko moto, usingojee siku ya kusafiri.

Hapa kuko mutego mumoja tunaona kila mara. Kijana anatosha filme yake, anaifungua na VLC ku ordinatere, inacheza muzuri, anafunga sanduku. VLC ni programu ya muzuri sana, lakini kwa kazi hii inadanganya: inafungua karibu kila kitu. Televizio ya chifu haina VLC. Kupima na VLC ni kama kuonja chumvi mu sahani ya mutu mwenye anapenda chakula yote. Upime na mashine yenye uzaifu kuliko zote zenye zitaonyesha filme. Ikiwa ile inakubali, zingine zitakubali.

UZITO

Kisha «codec», programu inakuuliza ukubwa wa picha: 1080, 720, 480. Halafu zingine zinauliza «débit», ni kusema uzito wa kila sekunde. Watu wanaruka hii swali juu haieleweke. Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya ile namba kwa 8, unapata mega zenye filme inakula kila sekunde. Ukiweka 8, kila sekunde inakula mega 1, dakika inakula mega 60, na filme ya dakika 12 itakuwa mega 720. Ukiweka 4, itakuwa mega 360. Ukiweka 2, itakuwa mega 180.

Wengi wanashusha uzito juu ya kupata nafasi ku kle. Tunasema: muangalie mbele nini iko mu picha. Mutu mwenye kuketi na kusema, na ukuta nyuma yake, hata 2 inamutosha. Lakini shamba la migomba wakati upepo unapita ni kitu kigumu kuliko vyote juu ya mashine, kwa sababu kila jani linatikisika. Ukishusha uzito sana, programu inakosa nguvu ya kuandika yote, na inafanya picha kuwa vipande-vipande kama matofali. Na pale ku matofali njo dalili ya ugonjwa inapotelea. Ile maji ya manjano yenye inatoka ku shina ni kitu kidogo; mutu mwenye kukaa metre 10 mbali na shuka anapaswa kuitofautisha na utomvu wa kawaida. Kwa filme ya magonjwa ya mimea, sisi tunatosha mu 720 na uzito wa 4. Kwa mukutano wa kooperative, 2 inaenea.

Juu ya 1080: tosha moja, na uzito wa 8 ao zaidi, na uiweke kando. Hiyo ni mama wa filme. Ikae ku ordinatere na ku diski ingine yenye haitembee mu mashamba. Zile zingine zote, ya televizio, ya telefone, ya luga ingine, utazizaa kutoka ku ile, usizizae moja kutoka ku ingine. Filme yenye imepita mu WhatsApp imekwisha kupunguzwa. Ukiichukua na kuikata tena na kuitosha tena, ni kama kufanya fotokopi ya fotokopi. Mara ya tatu uso wa mutu unakuwa kama wingu.

Neno moja tena juu ya uzito. Kle mingi na karte za telefone zimetengenezwa kwa namna yenye inaitwa FAT32, na ile namna haikubali fishie moja yenye kufikia giga 4. Hata kama kle iko na giga 32 za bure, itakataa. Filme zetu za dakika 12 haziwezi kufika pale, lakini mutu mwenye anapiga mukutano mukubwa wa siku nzima anaweza. Aikate mara mbili. Asikimbilie kubadilisha kle kwa NTFS ao exFAT, juu televizio mingi za zamani hazisome ile.

SAUTI MBELE YA PICHA

Watu wanavumilia picha mbaya. Sauti mbaya hawaivumilie, wanaanza kuzungumuza, na ukishapoteza wamama wa nyuma, umepoteza mukutano.

Mara nyingi kosa linaanza wakati wa kutosha. Mikro ndogo ya kufunga ku shati inaandika sauti ku upande mumoja tu, wa kushoto ao wa kuume. Ku ekutere unasikia, hauna shida. Mu kijiji unafunga bafle moja, nayo inapokea ule upande mwingine, na kuko kimya. Mbele ya kutosha, chagua «mono» ku sauti yote. Hakuna mukulima mwenye atalilia stereo.

Muziki. Tunajua vijana wanaupenda. Lakini inje, mu upepo, na grupu inanguruma nyuma ya nyumba, muziki chini ya sauti ya mutu inakula maneno yake. Tia muziki ku mwanzo na ku mwisho, na uutoshe kabisa wakati mutu anasema dawa ao kipimo.

Kuko pia filme zenye sauti na kinywa vinaachana polepole: dakika ya kwanza ni sawa, dakika ya kumi mutu anafunga kinywa na neno linakuja kisha. Hii inatoka ku telefone, juu haipige picha kwa mwendo mumoja: wakati mwanga ni kidogo inapunguza, wakati ni mwingi inaongeza. Mu HandBrake kuko nafasi ya kuchagua mwendo wenye haubadilike, «constante». Pitisha vipande vyako pale mbele ya kuvikata, haiko kisha. Na hii ni sababu ingine ya kuangalia dakika ya mwisho: kosa hili halionekane ku mwanzo.

MAANDISHI NA LUGA

Tulikuwa tunaandika maneno ya Kifaransa chini ya filme. Muzuri kwa wageni wa mashirika. Mu kijiji, wengi hawaisome kwa haraka, na wengine hawasome kabisa. Leo tunafanya filme moja na sauti mbalimbali: moja ya Kiswahili, moja ya Mashi, moja ya Kinande, kufuatana na fasi yenye tunaenda. Picha ni zilezile, mama wa filme ni uleule, unabadilisha sauti tu na kutosha tena. Ni kazi ya siku moja na mutu mumoja mwenye kusoma vizuri kwa sauti kubwa. Achagueni mama ao baba wa palepale, asiwe mutu wa mu redio ya muji.

Ikiwa munaweka maandishi, yaandikwe ndani ya picha yenyewe mbele ya kutosha. Maandishi yenye inakaa ku fishie ya kando inapotea njiani, ao televizio inaigeuza kuwa alama zenye hazina maana. Herufi ziwe kubwa, na zisifike ku pembeni kabisa, juu televizio za zamani zinakata kando-kando ya picha. Tuliandika kipimo cha javel chini kabisa ya picha, na ku televizio ya butiki moja namba ilikatwa nusu.

Na, kwa sababu tunaona hii kila juma: laza telefone wakati unapiga. Filme yenye kusimama inakuwa kama kitambaa chembamba katikati ya shuka nyeusi. Kwa telefone ni sawa, kwa watu 80 haiko sawa.

Kuaga kle

Tunarudi ku kosa langu. Wakati unanakili, ekra inaweza kusema kama imeisha na mashine ingali inaandika polepole. Kwa hiyo tafuta butoni «Éjecter», ngojea ordinatere ikuruhusu, kisha tosha kle. Halafu irudishe tena ku mashine ingine, kama iko, na uruke mupaka ku dakika ya mwisho ya kila filme. Kulinganisha uzito wa fishie mbili, hapa na pale, inasaidia, lakini haienee: fishie inaweza kuonyesha uzito wa sawasawa na ndani kukosa mwisho wake.

Kle zenyewe, muangalie bei. Ku masoko kuko zenye zinaandikwa giga 64 na ndani hazina hata 8. Inakubali kila kitu unatia, inaonyesha majina yote, na fishie zenye zilipita kipimo chake cha kweli haziwezi kufunguka. Ukinunua mupya, ijaze yote siku ya kwanza na ufungue fishie ya mwisho. Yenye inajua kutumia H2testw, programu ya bure ya Windows, itamuambia ukweli bila kubahatisha.

Majina ya fishie yawe mafupi, bila alama za Kifaransa, bila nafasi katikati: 01_munyauko_mashi.mp4, 02_kahawa_mashi.mp4. Televizio inazifuata kwa namba. Na usiache ile kle iwe na picha za arusi ya mudogo wako. Tulishaona filme ya mbolea inaisha, na televizio yenyewe ikaendelea na fishie yenye kufuata, mbele ya chifu na mapadri. Sitasema ilikuwa nini.

Ile siku yenyewe

Fika wakati jua lingali juu, lakini usianze. Projektere ndogo haishinde mwanga wa jua. Kwetu giza inaingia karibu saa kumi na mbili na nusu ya magaribi, mwaka wote, kwa hiyo saa moja ni saa ya muzuri. Ikiwa mukutano ni wa muchana, mutumie televizio ndani ya nyumba, na mufunge madirisha.

Ukitumia ordinatere na projektere: finya alama ya Windows na P pamoja, uchague «Dupliquer». Kable ya HDMI inabeba picha na sauti pamoja, na mara nyingi ordinatere inatuma sauti ku kabafle kadogo ka projektere na kuacha bafle yako kubwa kimya. Hiyo haiko bafle kuharibika. Ingia ku sauti ya ordinatere, uchague fasi ya kutokea. Kable ya zamani ya VGA, ile ya misumari mingi, haibebe sauti hata kidogo. Utahitaji kable ingine ya sauti. Kisha zuia ordinatere isilale yenyewe kisha dakika 10, na uikatishe ku intaneti, juu hakuna kitu kibaya kama ujumbe wa mutu kupita ku shuka wakati mama mumoja anaeleza hasara ya shamba lake.

Juu ya moto, mufanye hesabu mbele. Batri ya 12 V na 100 Ah iko na karibu wati-saa 1200, lakini batri ya kawaida ya asidi hautumie zaidi ya nusu ikiwa unataka iishi. Ni kusema 600. Projektere ya wati 100 na bafle ya wati 50 zinakula 150 kila saa. Ku karatasi ni saa 4; konvertisere nayo inakula sehemu yake, basi uhesabie saa 3. Inaenea muzuri kwa filme mbili na mazungumuzo. Grupu inaleta kelele. Ukiitumia, iweke mbali na nyuma ya nyumba, na ununue kable ndefu.

Na usionyeshe filme yote kwa mara moja. Simamisha ku nafasi yenye kuhusu panga, uulize watu: ni nani leo ametumia panga ya jirani? Pale njo mukutano unaanza kweli. Juu ya hii, projektere yenye iko na telekomande ya kutembea ni muzuri kuliko yenye unapaswa kukimbilia kila mara.

YENYE WATU WANABEBA MU MUFUKO

Kisha filme, vijana wanakuja na telefone zao: «Nitumie.» Muwe tayari. Mu kle yenu muweke fishie mbili za kila filme. Moja ya MP4, 480, uzito wa 1, juu ya telefone za kugusa: dakika 12 inakuwa mega 90, na inapita kwa Bluetooth ao kwa karte bila kula mega za mutu. Ingine ya 3GP, 320 kwa 240, juu ya telefone za mabutoni zenye kucheza video. Hiyo haifike hata mega 30. Picha yake ni mbaya, tunajua, lakini sauti inasikika, na mama anaweza kuisikiliza mu shamba. Shirika la Access Agriculture, lenye linakusanya filme za wakulima mu luga nyingi za Afrika na Azia, nalo linatoa filme zake mu MP4 na mu 3GP. Munaweza kuzichukua na kuzigawanya palepale ikiwa hamuna nguvu ya kupiga zenu.

Ikiwa mutu anataka kutuma kwa WhatsApp, asiitume kama video. Aitume kama «Document», njo itafika bila kupunguzwa.

Sasa kitu chenye kinatusumbua zaidi. Filme ikishaingia mu telefone, haurudishe tena. Kwa hiyo, wale wenye wanaonekana ndani waulizwe mbele ikiwa wanakubali sura yao itembee namna hiyo, mupaka Goma, mupaka Bujumbura. Mama mumoja alikuwa amekubali ionyeshwe mu kijiji chake tu. Tulimutosha ku fishie za telefone, na filme ikabakia na maana yake.

Na muandike mwaka, ndani ya picha na ku jina la fishie. Mu Masisi, fasi ugonjwa huu ulionekana mu Congo mu 2001, wakulima waliambiwa kwa myaka mingi wangoe kisiki chote, mugonjwa na wazima pamoja. Ilikuwa kazi ya kuvunja mugongo, na jamaa ilibakia bila ndizi, kwa hiyo wengi waliacha. Kisha mashauri ikabadilika: kata tu shina lenye kuonyesha ugonjwa, chini, mapema, na utoshe ua la dume na kijiti chenye pembe mbili, haiko na kisu. Lakini filme za zamani zingali zinatembea mu telefone. Mu mukutano mumoja mwaka huu, baba mumoja alisimama akatuonyesha kwa telefone yake filme yenye inasema kinyume cha yetu. Haikuwa na mwaka, wala jina la mwenye kuifanya. Ilitukamata nusu ya saa kueleza.

Ile kijiji ya dakika 9, tulirudi kule ku mwezi wenye kufuata. Tulipima filme ku televizio ya butiki, dakika ya mwisho kwanza, mbele watu hawajafika. Na siku hiyo hatukuanza na filme. Tulianza na ndoo ya javel, chini ya shuka, na mapanga ya watu.